Mawe ya Shule

Mwalimu Ritha hakusema uongo. Naliweka hilo mbele kwa sababu kijijini kwetu wapo wanaomwita tapeli, na hao hao ndio waliochukua mawe.

Alikuja kuomba ubunge. Alisimama juu ya gari kwenye uwanja wa mpira, pembeni ya boma la sekondari yetu. Boma hilo tulilijenga wenyewe, sisi wa huku upande wa Kharumwa. Kuta zilikuwa za tofali za kuchoma, lakini zimeshikwa na udongo, maana saruji ilitosha msingi na lenta tu. Zilibaki bati. Ofisa wa halmashauri alishatuambia wazi: madarasa yakiezekwa kabla ya shule kufungwa, watoto wanaomaliza la saba watapangwa hapa. Yasipoezekwa, watapangwa kule ng'ambo ya machimbo, ambako hakuna bweni. Huko mtoto anapanga chumba kwa watu.

Binti yangu mkubwa, Suzana, alipanga chumba huko. Mlango ulikuwa wa mabanzi, unafungwa kwa waya. Alirudi nyumbani kidato cha pili hakijaisha, ana mimba ya mchimbaji aliyekwisha hamia machimbo mengine. Mdogo wake, Justa, ndiye alikuwa amemaliza la saba mwaka huu.

Bati tulizitafuta kwa mawe. Kwetu mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la dhahabu, hugawanywa kwa mifuko: ya mwenye duara, ya mwenye shamba, ya wachimbaji. Tulikubaliana kwamba kabla ya mgao, kila duara litoe mfuko mmoja wa shule. Mimi niliishia darasa la nne, lakini walinipa kazi ya kulinda mifuko hiyo kwa sababu hainishindi kumwambia mtu hapana. Ilipangwa nyuma ya nyumba yangu mpaka ikapita dirisha. Tulikuwa tunasubiri zamu kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya tajiri wetu Mayala, tuyasage, tuuze dhahabu, twende Shinyanga kununua bati.

Basi Mwalimu Ritha akashika kipaza sauti. Kafundisha miaka mingi mjini Shinyanga, sauti yake haihitaji kipaza.

"Hilo boma kajenga nani?"

"Sisi!"

"Na kodi ya mawe analipa nani?"

"Sisi!"

"Kwa hiyo mnalipa mara mbili! Kila jiwe likisagwa, serikali inakata chake. Migodi mikubwa nayo inalipa ushuru kwenye halmashauri. Hiyo ndiyo fedha ya madarasa, ya madawati, ya walimu. Siyo mgongo wa mama anayeponda mawe na mtoto mgongoni. Elimu ya umma ijengwe kwa fedha ya umma. Mtu akija kuwadai mchango wa shule, mwambieni Mwalimu Ritha amekataa!"

Uwanja ulilipuka. Akina mama walipiga vigelegele. Na mimi nilipiga makofi, maana nani angebisha? Kila alichosema kilikuwa kweli.

Kesho yake asubuhi Mayala alikuja na guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Ana maduara kadhaa na karasha, na duka pia.

"Mwangaluka, Baba Suzana," akasalimia kwa Kisukuma, anacheka. "Nimefuata mawe yangu."

"Mawe gani?"

"Yale niliyodaiwa. Mwalimu amekataa, hukusikia? Au ulikuwa unapiga makofi umelala?"

"Amekataza kudai, Mayala. Hajasema mchukue yaliyokwisha tolewa."

"Wewe umeishia darasa la nne, leo ndiye unamfasiria mwalimu?" Vijana wake wakacheka. "Sogea, mzee. Na huyo binti yako usihangaike. Mtoto wa kike anasoma mpaka wapi? Mdogo wangu bado anatafuta jiko."

Nilimkamata shati. Vijana wanne walinishika, wakaniweka chini taratibu kama mtu anayeweka mzigo wa mayai. Ndicho kilichoniuma zaidi, ule utaratibu. Wakapakia yake. Wenye maduara wengine walipoona guta la Mayala linapita limejaa, nao wakaja. Mpaka jua kusimama, nyuma ya nyumba yangu palibaki vumbi na mifuko miwili niliyoitoa mimi.

Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni muda wote. Aliangalia upande wa ziwa, ambako mawingu yalianza kujikusanya.

"Mfuate yule mwanamke," akasema. "Maneno ni yake. Aje ayachukue."

Nilipanda bodaboda hadi Kharumwa. Nilimkuta Mwalimu Ritha kwa mama lishe, anakula wali kwa haraka, miguu imejaa vumbi. Nilimweleza yote. Akaacha kijiko.

"Wamechukua yote?"

"Yote, isipokuwa mifuko yangu miwili. Njoo useme neno moja tu. Sema mfuko wa mawe uendelee mpaka tuezeke."

Akatikisa kichwa. "Kaka, siwezi kusema hivyo."

"Kwa nini? Ni neno tu."

"Nikisema hapo kwenu mchango ni sawa, kesho kila shule jimboni itafukuza watoto ambao hawajaleta. Mimi nilikuwa mwalimu. Niliagizwa kuwarudisha nyumbani wasiochangia, nikawarudisha. Mmoja aliitwa Elieth. Hakurudi tena. Ndiyo sababu nimeacha chaki nikaingia kwenye hili jua."

"Basi nisaidie bati. Hata za darasa moja."

"Nikikupa bati moja wakati wa kampeni, nimenunua kura. Watanitoa kwenye kinyang'anyiro, na watakuwa na haki."

"Ukishinda, hiyo fedha ya umma itakuja lini?"

"Bajeti inapitishwa mwezi wa sita. Fedha huanza kutoka baada ya hapo. Zikitoka."

"Mvua ni mwezi huu, Mwalimu. Udongo ule ukilowa kuta zinalala. Na Januari mtoto wangu anaenda kupanga chumba. Mwambie Justa asubiri bajeti."

Mama lishe alikuwa ameacha kuosha vyombo anatusikiliza. Mwalimu Ritha akaniangalia machoni, hakukwepa. Nilitamani akwepe, ningemchukia vizuri.

"Nitakuja," akasema. "Sitarudisha nilichosema. Lakini nitakuja."

Alikuja kesho yake mchana, bila muziki wala msafara. Watu wakakusanyika mbele ya boma. Alisema kwa sauti ya chini kuliko ile ya kwanza.

"Nilikataza kudaiwa. Sikusema mtu achukue tena alichokwisha toa. Mawe yale yalikuwa ya shule tangu siku mlipoyatoa. Aliyeyachukua amewaibia watoto. Yarudisheni leo, muezeke. Halafu mimi nikapigane huko juu ili wenzenu wa baadaye wasiponde mawe tena."

Watu wakaguna. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Juzi bure, leo wezi! Shika moja, Mwalimu!"

Mayala hakupaza. Alisogea mbele mikono mfukoni.

"Mwalimu, umechelewa. Mawe yalisagwa jana. Yangu na ya wenzangu. Dhahabu ameshanunua mtu wa Geita, ameondoka." Akageuka kwangu. "Imebaki mifuko miwili ya Baba Suzana tu. Ezekeni kwa hiyo."

Mwalimu Ritha alisimama anaangalia zile kuta kama anayesoma kitu kilichoandikwa hapo. Kisha aliondoka. Kijijini kwetu alipata kura chache, moja ikiwa yangu.

Mvua ilianza wiki ile. Mke wangu, mimi na Justa tulibeba maturubai yetu ya kuanikia mpunga tukafunika vichwa vya kuta, tukayakandamiza kwa tofali. Waliokuja kusaidia walikuwa mafundi wawili tu na Paskalia, mjane ambaye hana hata mtoto wa shule. Upepo ulichukua turubai la kwanza, halafu la pili. Justa alipanda ukutani kulikamata la tatu, nikamwita ashuke. Alishuka, na alikuwa hajafika mbali ukuta wa nyuma ulipolala. Haukupiga kelele nyingi. Ulikaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Majina yalipotoka, Justa alipangwa ng'ambo ya machimbo.

Nilienda huko kutafuta chumba. Nilizunguka nyumba nyingi. Nilichopata kiko karibu na vibanda vya pombe, kwa sababu vya mbali na vibanda vimeshachukuliwa. Mlango ni wa mabanzi. Niling'oa waya, nikafunga komeo jipya, nikapigilia misumari mpaka mwenye nyumba akauliza kama najenga mahabusu.

Jana Justa alikuwa anapanga vitu vyake kwenye ndoo: sabuni, sahani, daftari. Suzana alikuwa anamsaidia, mtoto wake amelala mgongoni. Kisha Justa akaniuliza, bila kugeuka.

"Baba, mlango unafungwa kwa ndani?"

"Unafungwa."

Suzana alikunja sketi ya mdogo wake, akaiweka ndani ya ndoo, akaikunjua, akaikunja tena.

"Na wangu ulikuwa unafungwa," akasema.