Tumba Katika Chumba cha Viatu

Mwezi wa tatu mwaka 2007 Gregori alikuwa dereva wa basi dogo la kampuni moja ya Springfield, huko Amerika, iliyozoea kupeleka watu viwanja vya ndege na harusini. Jumamosi moja alipangiwa safari ambayo madereva wenzake waliikwepa: awachukue wanafunzi kumi na watatu kule Riverdale Park, awapeleke milimani mwendo wa saa mbili, kwenye hoteli ambako watu huteleza juu ya theluji, kisha awasubiri mpaka jioni. Kulikuwa na tamasha la muziki wa mashine. Gregori hakuuliza ni muziki gani huo. Alichukua koti zito, chupa ya chai na chapati alizofungiwa na mkewe, Adela.

Walipofika, wanafunzi walitawanyika kama kuku waliofunguliwa bandani. Mmoja wao, ambaye mwenzake hakuja, alimvisha Gregori bangili ya karatasi ya huyo mwenzake, ya kuingilia, akamwambia asikae garini agande. Alikaa kwa nusu saa. Miguu ilipoanza kufa ganzi, akashuka.

Jukwaa kubwa lilikuwa chini kabisa ya mlima, mahali watelezaji wanapokomea. Besi yake ilimpiga kifuani mpaka akahisi chai inacheza tumboni. Akaondoka. Akaingia kwenye hema jeupe lenye jukwaa la pili, akakuta mdundo unaokimbia kuliko mtu anavyoweza kukimbia, na vijana waliovaa viatu vya manyoya wakirukaruka macho yamefumbwa. Hapo alikaa kidogo, akahesabu. Dakika sita nzima mdundo haukuteleza hata unywele. Alivutiwa na akachoka kwa pamoja. Katika bendi aliyoijua yeye, wimbo ulikuwa unapumua. Mwimbaji akinogewa wote wanamsubiri, akikosea wanamficha. Mashine haimsubiri mtu.

Jukwaa la tatu lilikuwa katikati ya mlima, na kulifikia ilibidi ukae kwenye viti vinavyoning'inia kwenye waya. Gregori alizaliwa chini ya Kilimanjaro, akakua anaiona theluji kila asubuhi kutoka mbali, lakini hakuwa amewahi kupelekwa juu yake akiwa ameketi. Alipanda, ameshika chuma kwa mikono miwili. Huko juu muziki ulikuwa wa taratibu, na watu wamelala chali kwenye theluji kama wako ufukweni. Alikula chapati moja, akalitazama bonde, akawawaza watu wengi ambao wangemcheka sana wakimwona pale. Wengi wao walikuwa wameshakufa.

Aliposhuka alitafuta mahali pa kujipasha moto. Nyuma ya hoteli palikuwa na jengo la mbao ambamo wageni hukodi viatu vya kutelezea. Siku hiyo walikuwa wamesukuma mabenchi ukutani na kuweka meza yenye kompyuta na mashine ya santuri. Hilo ndilo lilikuwa jukwaa la nne, na halikuwa na watu arobaini. Gregori alikuwa anajipangusa viatu mlangoni aliposikia tumba, ngoma ndefu za bendi.

Alizisikia kwanza kwa viganja, ndipo masikio yakafuata. Vidole vyake vilianza kugonga mapaja kabla hajaelewa ni nini. Chini ya mdundo wa mashine palikuwa na tumba tatu, kipande kifupi kinachojirudia, na katikati yake pigo moja lililowahi kidogo kuliko inavyotakiwa. Lile pigo alilijua. Mwalimu wake wa tumba alimgombeza kwa pigo hilo miaka miwili, na Gregori hakuliacha.

Mwezi wa kwanza mwaka 1976, bendi ya kiwanda cha magunia cha Moshi ilipanda gari kwenda Nairobi kurekodi nyimbo mbili, mwaka mmoja kabla ya mpaka kufungwa. Gregori, mpiga tumba wao, alikuwa na miaka ishirini na miwili. Mwimbaji alikuwa Ombeni, rafiki yake wa tangu shule, na wimbo wa kwanza aliutunga kwa ajili ya mchumba wake, Domina, aliyekuwa amemnunia akahamia kwa shangazi yake Tanga. Tepu ilipofika mahali pa Ombeni kuingia, hakuingia. Aligeuza uso ukutani. Gregori akajaza kwa tumba, akizunguka na kuzunguka, macho kwa rafiki yake, mpaka sauti ikatoka. Fundi mitambo alisema nafasi ya kurudia hakuna. Ombeni alidai alipaliwa na mate, na bendi nzima ikakubaliana kumwamini.

Kwenye meza alikuwa msichana mweusi wa miaka ishirini na kitu, aliyesuka nywele na kuvaa kofia ya sufu. Gregori alisubiri mpaka akavua kifaa cha masikioni.

"Binti, hizo tumba umezitoa wapi?" Kiswahili kilimtoka bila kufikiri.

Msichana alishtuka, akacheka. Alikielewa, ila alijibu kwa Kiingereza: jina lake Audrey, wa Takoma Park, wazazi wake wametoka Kakamega, na santuri ni ya baba yake. Aliipenda sehemu ile ya tumba tangu utotoni, kwa sababu ilionekana kama mtu anamsubiri mtu.

"Ni mimi," Gregori akasema. "Hiyo mikono ni yangu."

Audrey aliitazama kofia ya kampuni kichwani kwa Gregori na funguo za basi mkononi. Kwa adabu kabisa akamwuliza ni kitu gani kinafuata baada ya hapo, maana katika mchanganyiko wake alikuwa amekikata.

"Mwimbaji anachelewa. Akiingia, anaanza na neno 'lakini'."

Msichana akazima mdundo wa mashine, taratibu, mpaka zikabaki tumba peke yake. Akarudisha sindano mwanzo wa santuri, akaacha wimbo upite wote.

Baadhi ya vijana walitoka nje. Wengine waliketi kwenye mabenchi, na wawili wakajaribu kucheza, wakaupata. Gregori alisimama ameegemea rafu za viatu. Gitaa la solo lilipita, rithimu ikapita, tumba zikazunguka, na Ombeni, aliyezikwa Moshi mwaka 1994 wakati Gregori yuko Amerika bila karatasi za kumwezesha kusafiri, akasema "lakini" kwa sauti ya kijana wa miaka ishirini na mitatu. Gregori alifunika uso kwa kofia. Hakuna aliyemsemesha, na alishukuru kwa hilo.

Kesho yake, baada ya misa, yeye na Adela walikwenda Takoma Park kwa mwaliko wa Audrey. Baba yake Audrey, Mzee Elkanah, alikuwa mfanyakazi wa ofisi aliyekaribia kustaafu. Aliwapokea mlangoni, santuri tayari mkononi, akasimulia alivyoinunua River Road, Nairobi, akiwa kijana, na jinsi mkewe Bilha alivyotaka kuitupa kila walipohama. Walikunywa chai. Kisha Gregori akakwangua kadi ya simu, akapiga namba ya Domina kule Moshi. Domina alikuwa amemrudia Ombeni mwaka uleule, wakaishi pamoja mpaka mwisho. Nakala yao ya santuri hiyo iliibwa miaka mingi iliyopita.

Hakumweleza mengi. Alimwomba asikilize tu, akasogeza simu kwenye spika, na Elkanah akateremsha sindano.

Wimbo ulipokwisha Gregori aliweka simu sikioni. Alisikia mtu anapenga kamasi.

"Domina?"

"Nipo, shemeji."

"Umemsikia?"

"Nimemsikia." Akavuta pumzi. "Ila humo alinisingizia. Mimi sikununa, nilikuwa naumwa. Upande wa pili ndio alioimba ukweli. Mwambie huyo baba ageuze."

Gregori aliwaambia. Elkanah akacheka, akaigeuza santuri, akaifuta vumbi kwa mkono wa shati lake.