Safu ya Tatu

Jumapili asubuhi Meneja wa duka la magodoro alikuwa akifuta taa za gari lake kwa fulana kuukuu, huku akimweleza jirani kwa nini mtu mwenye akili timamu hanunui gari dogo. Gari dogo ni la kuendea sokoni, alisema. Gari la juu ndilo gari: lina safu tatu za viti, linapita matopeni bila kuomba ruhusa, na ukiwa ndani yake hata malori yanakupisha. Jirani, ambaye alikuwa na pikapu, akajibu kwamba gari lisilobeba magunia ni sebule yenye magurudumu. Walikuwa wakibishana hivyo tangu wahamie mtaa huo, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kushinda.

Familia ikapanda. Mke wa Meneja na binti yao walikaa safu ya kati. Kiti cha mbele, kando ya dereva, kilibaki kitupu, bado kimevaa nailoni ya dukani, kwa kuwa Meneja alikuwa amemwekea mgeni wa heshima. Mgeni mwenyewe alikuwa hajapatikana. Mama yake Meneja, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, aliingia safu ya tatu kupitia mlango wa nyuma, baada ya kapu la vyombo na kabla ya tairi la akiba, akakaa magoti yakikaribia kidevu. Dirisha la huko lilikuwa na ukubwa wa sahani, tena lenye kioo cheusi.

Bibi alikuwa na haja moja tu. Usichanani mwake alikuwa kibarua katika barabara hiyohiyo waliyopita kila Jumapili kwenda kwa dada yake. Aliponda kokoto zake kwa nyundo mpaka kidole gumba kikapinda, na hakikunyooka tena. Sasa barabara ilikuwa na lami na mistari myeupe, naye alikuwa hajaiona hata siku moja kutoka mbele.

"Mwanangu, leo nikae hapo mbele niione barabara yangu," alisema.

"Wiki ijayo, Mama. Leo nailoni itachanika."

Walipofika kona ya kwanza Bibi alinyoosha miguu, nayo ikanyooka. Safu ya tatu ilikuwa imesogea nyuma hatua mbili hivi. Alishukuru kimoyomoyo, akavua viatu.

Jumapili zilizofuata palikuwa na nafasi ya kigoda, kisha ya zulia, kisha ya kochi, ambalo Bibi aliliingiza kwa msaada wa wapita njia wawili. Mke wa Meneja alilazimika kupaza sauti ili kumuuliza kama amekula. Siku moja walimtuma binti ampelekee Bibi biskuti, naye akarudi nywele zake zote zimesukwa, vizuri kabisa, mistari imenyooka.

Kilichomsumbua Meneja kilikuwa mafuta. Gari lilikuwa likiyabugia vibaya. Akalipeleka gereji kwa fundi aliyeitwa Nati, mtu asiyeshangazwa na chochote chenye injini. Nati akalipima kwa nje kwa futi kamba, akaingia ndani, akakawia huko, akatoka akipangusa makombo ya biskuti mdomoni.

"Bodi haijaongezeka hata kidogo, bosi. Ni ndani tu."

"Sasa hilo ni tatizo?"

"Ni tabia. Magari yana tabia." Akaelekeza spana upande wa ukuta. "Lile lori likipita nyumbani kwa mwenyewe wa zamani linazimika mpaka atoke wasalimiane. Ile pikapu ya kijani hairudi nyuma watu wakiangalia, ina haya. Hili lako lina huruma. Limeona mtu mzima amekunjwa, likajitanua. Mkalishe mama mbele, litarudi lilivyokuwa na mafuta yatapungua."

"Na akibaki hukohuko nyuma?"

"Litaendelea kutanuka."

"Na dirisha je?" aliuliza mke wa Meneja, aliyekuwa amefuatana naye gereji.

"Dirisha halitanuki, shemeji. Hilo ni la kiwandani."

Meneja alirudi nyumbani akipiga mluzi. Ukumbi mzima, bila kulipia fundi wala tofali! Jioni hiyo alimwonyesha jirani, ambaye alizunguka humo ndani mikono ikiwa nyuma, akagonga ukuta, akakubali kwa mara ya kwanza kwamba pikapu ina upungufu wake. Bibi akaona hapo ndipo pa kusema, mwanawe akiwa na furaha.

"Baba, mimi bado naomba kile kiti cha mbele."

"Mama, jamani! Una kochi, una zulia. Mimi mwenyewe huko mbele nimebanwa. Unataka nini tena?"

"Barabara."

Meneja akacheka kwa upendo kabisa, akamshika bega. "Si ndiyo tunapita kila wiki, Mama?"

Bibi alikasirika, na hasira ile ilimkaa mpaka asubuhi. Kisha akapiga pasi mapazia, maana huko safu ya tatu mapazia yalikuwa yametokea.

Jumapili iliyofuata jirani alikuja na mama yake, ambaye miaka yote alisafiri nyuma ya pikapu, juu ya magunia. Aliuliza kama patapatikana nafasi. Ilipatikana. Akafuata mwenye bucha na mama yake, kisha mwalimu na shangazi zake wawili, nalo gari likawatanukia wote bila kinyongo. Huko nyuma palikuwa na vicheko mpaka Meneja akawa anazima redio ili asikilize. Watu wa mtaani walimsifu kwa moyo wake wa kujali wazazi, naye alipokea sifa hizo akiwa ameshika usukani.

Jumapili moja gari lilikuwa likiteleza kwenye lami bila mtikisiko wowote. Mama yake jirani alijaribu kuchungulia kwenye lile dirisha dogo, hakuona kitu, akarudi kukaa.

"Hivi, mwenzangu, huko nje pakoje?"

"Wanasema ni barabara nzuri sana," alisema Bibi, akimmiminia chai.