Kigoda cha Mjomba na Ukoo wa York

Ungemwona Philipo alivyosimama wima katika ukumbi ule wa maonyesho jijini Doha, suti nyeusi ya ulinzi imemkaa, ungedhani chati iliyokuwa ukutani ni ya kwao Uluguru. Kumbe ya Waingereza wa kale, ukoo wa York! Aliisoma kila zamu, na kila alipoisoma mwili ulimsisimka.

Juu kabisa alikaa Mfalme Edward wa Tatu, chini yake wanawe. Kwa mwana wa tatu walishuka wafalme wa Lancaster, baba kwa mwana, baba kwa mwana. Kwa mwana wa pili ulishuka mstari mwingine, ukapitia kwa mabinti hadi kwa Richard wa York, aliyesema kiti cha ufalme ni chake.

"Ni chake, bwana!" Philipo alijisemea. Kwao ukoo hufuata mama. Mzee akifa, kigoda na jina lake humwendea mpwa, mtoto wa dada, na watoto wa mzee humwita baba. Sasa hao wazungu waligombania nini?

Ila roho haikumtulia. Mjomba wake alikuwa amefariki, ukoo ukamchagua yeye, na Ijumaa hiyo wazee wangepiga simu kusikia jibu lake. Tatizo lilikuwa Augustine, mtoto wa marehemu, dereva kule Al Wakrah, mji jirani. Desturi yao inataka mtoto wa kuzaliwa wa marehemu amshike mrithi mkono na kumkalisha. Asipofanya hivyo, umekalia kipande cha mti tu. Na Augustine alikuwa ameapa: "Kabla ya kuja huku baba nimemuuguza mimi, shamba nimelima mimi, halafu ukalie wewe? Haya, kalia. Ila hatutazikana."

Loo! Mtu uliyekula naye sahani moja tangu utotoni! Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, lakini kwa hawa wawili ungelima mpaka jembe likatike. 

Ijumaa alasiri, baada ya kubembelezwa sana, Augustine akaja.

"Umeniita nije kutazama wazungu?"

"Soma kwanza."

Augustine akasoma, akachekelea. "Si unaona? Mtoto kamrithi baba. Hawa Lancaster ndio wenye akili."

"Na York je? Damu ya mama ndiyo iliyotoka kwa mwana aliyetangulia."

"Mama, mama! Wewe na mama! Haya, tuone nani alishinda."

Wakaanza kushuka, kidole cha huyu upande huu, cha yule upande ule. Alama nyekundu ilikuwa ya aliyeuawa. Richard aliuawa vitani, kichwa chake kikatundikwa kwenye lango la mji wa York, kimevishwa taji la karatasi. Mwanawe akakipata kiti. Mfalme wa Lancaster akafia kifungoni, mwanawe wa pekee akauawa vitani. Kisha wajukuu wawili wa Richard, watoto wadogo, wakafungiwa ngomeni wasionekane tena. Nyekundu huku, nyekundu huku.

"Mungu wangu," Augustine alinong'ona. Kidole chake kilikuwa kimesimama penye wale watoto. "Hawa nao walizikwa na nani?"

"Hakuna anayejua."

Augustine akainua macho taratibu, mpaka juu, kwa yule babu. "Na wote ni wa mtu mmoja," alisema. Philipo hakumwonea wivu hata aliyeshinda.

Simu ikatetema mfukoni. Walikuwa wazee.

"Nitawaambia sitaki," Philipo alisema, machozi yakimlenga. "Bora nikose kigoda kuliko nikukose wewe."

Augustine alitazama huku na huku, akavuta kutoka pembeni kiti cha plastiki cha walinzi, kile ambacho Philipo hakuwahi kukikalia kwa kumwogopa msimamizi. Akamshika mkono.

"Pokea," alisema. "Waambie umeshakalishwa. Kaa, Baba."