Njahi ya Rangi ya Udongo

Chakacha, chakacha. Mbegu za malenge zilizunguka ndani ya sufuria polepole, na Kabura alikuwa akizisikiliza zaidi ya kuzitazama. Jogoo wa jirani alikuwa hajawika. Makaa ya jiko aliyaweka machache kwa makusudi, kwa sababu moto mkali ungezigeuza mbegu rangi, na mbegu ikigeuka rangi hata mtoto anajua imekaangwa. Yeye alitaka zibaki nyeupe vilevile, ila ndani ziwe zimekufa.

"Cucu, unapika nini saa hii?" Wahu aliuliza kutoka kitandani.

"Lala, mama. Si chakula."

Wahu, mjukuu wake, alikuwa na mimba ya miezi minne, na tangu kichefuchefu kimwanze alikuwa akilala kwa nyanyake hapa Kibomet, katika chumba hiki kimoja cha kupanga. Kabura alimvutia blanketi miguuni, kisha akarudi kwenye jiko kumaliza kazi yake mbaya.

Mbegu hizo zilikuwa za mtu mmoja tu, mtu ambaye Kabura alikuwa hajawahi kumwona.

Mwezi uliopita Tabby, jirani yake wa zamani kule kijijini Kwanza, alikuja kumjulia hali. Hata chai ilikuwa haijamiminwa, Tabby akasema, "Mama, kwa ile mkutano ya kubadilishana mbegu kuna mwanamke wa mlimani, anaitwa Cherop. Ako na njahi yako. Ile ya rangi ya udongo. Sasa vile aliipata—"

"Vile aliipata ninajua," Kabura alimkata. "Nyumba ilichomwa na nani? Usiniambie zaidi."

Tabby alikunywa chai yake, akaenda.

Njahi za watu wengine ni maharagwe meusi. Ya Kabura ilikuwa na rangi ya udongo mwekundu uliolowa, na mstari mweupe mgongoni. Mama yake alimfungia konzi moja kwenye pindo la leso alipokuja Kwanza akiwa bibi harusi, na tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa nyumba yake aliyejifungua bila kulishwa njahi hiyo, ili maziwa yaje na mgongo urudi mahali pake. Alilisha binti zake wanne. Alimlisha mama yake Wahu. Kila mwaka aliichanganya mbegu na jivu, akaitia kibuyuni na kukitundika juu ya meko. Januari ya mwaka wa elfu mbili na nane, kura zilipogeuka moto, nyumba iliungua na meko yake na kibuyu chake. Kabura alikaa kwenye hema miezi mitano. Mwaka mmoja na zaidi ulikuwa umepita sasa, na shamba la Kwanza alikuwa hajarudi kuliona. Alilima ukanda mwembamba nyuma ya nyumba za kupanga, kando ya ua, akipanda sukuma wiki na malenge.

Jambo moja aliliamua mapema. Njahi yake angeichukua, kwa sababu Wahu angejifungua na nyanyake asingekuwa na cha kumlisha. Lakini mwizi hapewi mbegu nzuri. Apande, asubiri, amwagilie maji, na kisitoke kitu.

Alizimwaga mbegu kwenye ungo zipoe.

*

Uwanja wa kanisa pale Kwanza ulikuwa umetandikwa magunia. Juu ya magunia kulikuwa na mafungu: mahindi ya rangirangi, kunde, mbegu za mboga za mrenda na saga, vipando vya viazi vitamu vilivyofungwa kwa kamba za migomba. Mwalimu Mukhisa, mstaafu kutoka Bungoma aliyeanzisha mkutano huo, alikuwa akizunguka na fimbo yake kama yuko darasani.

"Pesa ikae mfukoni," alisema. "Unapeana konzi, unapewa konzi. Na useme mbegu yako imetoka wapi na inapenda nini."

"Yangu inapenda bwana asiyelala mpaka saa nne," alijibu mwanamke mmoja wa kunde, na wenzake wakacheka.

Mukhisa alisimama mbele ya ungo wa Kabura. Aliinama.

"Mama wa Kibomet, hizi zako mbona zinameremeta? Umezipaka mafuta ya nywele?"

Kabura aliuvuta ungo karibu naye. "Ni kuoshwa tu, mwalimu."

"Hata mimi nioshwe hivyo basi," alisema Mukhisa, akaendelea na njia yake.

Cherop alikuwa ameketi mwishoni kabisa, karibu na ukuta. Kabura alikuwa amejitayarishia uso mkali, mnene, uso wa mwizi. Alikuta mwanamke mwembamba wa umri wa binti zake, viatu vya mpira, sweta iliyorukwa kifungo kimoja. Mbele yake, juu ya kitambaa, ilikuwa njahi.

Kabura alichuchumaa. Alizitia vidole. Zilikuwa safi, kavu, hazina hata tundu moja la mdudu, na zilikuwa na jivu. Mtu alikuwa amezitunza kama alivyokuwa akizitunza yeye, na jambo hilo lilimuudhi kuliko kama angezikuta zimeoza.

"Hii ilitoka wapi?" aliuliza.

Cherop aliangalia chini. "Niliokota, mama."

"Kuokota wapi?"

"Hapa hapa Kwanza. Kwa ua ya watu." Watu wawili waliokuwa karibu waligeuka kusikiliza, na Cherop akaona kwamba wamegeuka. "Ni hadithi ndefu kidogo."

Ndiyo, Kabura aliwaza. Wizi daima una hadithi ndefu.

"Nipe konzi moja. Mimi nina malenge."

Alimmiminia mbegu zake kwenye kiganja. Cherop alichukua moja, akaiweka kati ya meno ya mbele, akauma, kama wanawake wote wanavyofanya kupima ukavu. Alitafuna. Aliendelea kutafuna kwa muda. Kisha akainua macho akamtazama Kabura usoni, halafu akaitazama mikono yake, iliyokuwa bado imezama ndani ya njahi.

"Asante, mama," alisema. Alizifunga mbegu zilizobaki kwenye kona ya leso. Akachota njahi konzi moja, akampa. Akaongeza ya pili. Kabura alipokuwa akiinuka, akaongeza ya tatu.

"Ua ndio inapenda," alisema Cherop. "Lakini hiyo unajua."

Njiani Kabura alilifikiria neno hilo. Unajua. Alijuaje kwamba anajua? Akaona ni ujanja tu, mtu anayekupa zaidi ili usiulize. Akakaza fundo la leso yake.

*

Mvua ilianza wiki ya pili. Kabura alipanda konzi moja ya njahi kando ya ua, mbegu mbilimbili, na zilizobaki akazitia kwenye mkebe na jivu. Siku ya saba udongo ulipasuka. Siku ya tisa Wahu alitoka nje akipiga mswaki, akasimama.

"Cucu, si zote zimetoka? Hakuna shimo hata moja imebaki."

Kabura aliona. Kila shimo lilikuwa limetoa miche miwili, shingo zimeinama, maganda yakiwa bado kichwani kama kofia. Alipaswa kufurahi. Badala yake aliona kipande cha ardhi mahali asipopajua, mashimo ya malenge yaliyofukiwa vizuri, na mwanamke mwenye sweta iliyorukwa kifungo akienda kila asubuhi kutazama.

Jumapili hiyo alikwenda mwenyewe kwa Tabby.

"Malizia," alimwambia kabla ya kukaa.

"Nimalizie nini?"

"Ile nilikukata."

Tabby alifuta kiti kwa kanga. Hakumlaumu. "Januari ile, wakati nyinyi mlienda, kwa kanisa walikuja watu wa kutoka mlimani. Kwao pia kulikuwa na vita, si unakumbuka? Cherop alikuwa na watoto watatu, wanalala kwa benchi. Sasa njahi yako ya kwa ua ilikuwa imekauka, inapasuka yenyewe, inaruka kwa njia, kuku wanakula. Akaanza kuokota. Mimi nikamuuliza, utapika? Akasema hata hajui inapikwa aje, kwao haiko. Akasema tu, mwenyewe akirudi atataka mbegu."

Hapo ndipo Kabura alipokaa.

"Alipanda kwao huko juu, ndio isizeeke. Kila mkutano anabeba. Anauliza, huyu mama ni nani? Mimi nikamwambia nitakuleta. Nikakuja, ukanifukuza na chai."

*

Kabura alishuka gari Kimilili, akachukua bodaboda hadi Kapsokwony, na kutoka hapo akapanda mlima kwa miguu akiuliza njia ya kwa Cherop. Kwa kila aliyemjibu alijiuliza kama naye anamtilia shaka: mwanamke mzee, lafudhi ya Kikuyu, mkoba mkononi. Kijana mmoja alimbebea mkoba hadi kwenye lango bila kumuuliza anatafuta nini hasa, na wema huo mdogo ulimchosha zaidi ya kile kilima.

Ndani ya mkoba kulikuwa na mbegu za malenge zilizokaushwa kivulini, hazijaonja moto.

Cherop alikuwa akipalilia. Alimwona, akaegemeza jembe, akaja akifuta mikono. Hakuonekana kushtuka. Alimkalisha kwenye kigoda na kumletea maziwa ya kibuyu, na Kabura akayanywa yote kwa sababu hakujua aanzie wapi.

"Zile mbegu nilikupa," alisema mwishowe.

"Tulikula."

"Mlikula?"

"Jioni ile ile. Nikaweka chumvi kidogo. Huyu mdogo akasema huyo mama anajua kukaanga."

Kabura aliweka kikombe chini taratibu. "Ulijua."

"Kwa jino. Mbegu mbichi inakuwa na maji kidogo. Yako ilivunjika kama njugu."

"Na ukaniongeza konzi ya pili. Na ya tatu."

"Mikono yako ilikuwa imeshika ile njahi," Cherop alisema. "Hakuna mtu anashika mbegu ya kupewa namna hiyo. Nikajua mwenyewe amekuja. Mbegu ya mtu nitamnyima aje?"

"Ungesema. Ungeniaibisha."

"Mbele ya watu wote wale? Wewe ni mama wa watu."

Kabura alitoa kifurushi kwenye mkoba. Akakifungua na kumsogezea. Cherop alichukua mbegu moja. Alisita kidogo, akimtazama Kabura kwa jicho la pembeni, kisha akaiweka kati ya meno, akauma. Alitafuna kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kabura alingoja, maana alijua anastahili kungoja.

"Mbichi," alisema Cherop, na wote wawili wakacheka, si kwa sauti.

Walizipanda pamoja nyuma ya zizi, penye samadi, Kabura akichimba na Cherop akidondosha. Walipomaliza, Cherop alimpeleka hadi kwenye ua. Huko njahi ya rangi ya udongo ilikuwa imeanza kupanda kwenye vijiti, majani yake bado laini kama masikio ya mbuzi.

"Na hii," alisema Cherop, "hata sasa sijui kuipika."

"Mjukuu wangu atajifungua Agosti. Ya kwangu itakuwa imekaribia."

"Yangu pia. Mwambie akunywe uji mpaka ifike." Cherop alikirudisha kijiti kimoja kilichokuwa kimeinama, akakifunga kwa kamba ya mgomba. "Siku utasikia zimeanza kupasuka kwako, ujue hata hapa zinapasuka. Urudi, mama. Sitagusa hata moja kabla hujafika."