Njano Mbili Kwenye Chati

Simu ya ofisini ililia saa nne asubuhi. Alikuwa sista wa wodi ya watoto, anahema.

"Mama Karatasi, chati uliyotuletea jana ina njano mbili. Kijani iko wapi?"

Hospitali nzima ilimwita hivyo karani wa kuchapa, hata waliomzidi umri. Alitaka kucheka, kisha akakumbuka chati ile ni ya kazi gani. Chati ile ndiyo wauguzi waliyopimia dawa za watoto wakati wa haraka: kila uzito na rangi yake, kila rangi na kipimo chake. Mtoto wa njano ana kilo kumi na mbili. Wa kijani anapita thelathini.

"Kuna aliyepewa?"

"Nilishavuta dawa kwenye bomba la sindano. Mama wa mtoto akanishika mkono, akasema, 'Dada, jana haikuwa nyingi hivyo.' Umepeleka wapi kwingine?"

"Vyumba vinne."

"Basi kimbia!"

Alikimbia, na miaka yake hamsini na miwili, magoti yakimlia. Mapokezi alibandua chati bila hata salamu, rangi ya ukuta ikang'oka nayo. Akabandua ya dharura, akabandua ya kliniki. Kote aliuliza swali moja, na kila alipojibiwa "hapana" hofu haikupungua, ilihamia tu chumba kilichofuata.

Chumba cha sindano kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Mtoto alikuwa analia humo. Aligonga kwa viganja vyote viwili. Mtoto akanyamaza ghafla.

"Fungueni! Jamani, fungueni!"

Muuguzi alifungua, amekunja uso. Nyuma yake mtoto alikaa kitandani, goti limefungwa bendeji, anamshangaa. "Chati? Hata sijaitundika, mama. Ile pale, chini ya daftari."

Aliporudi ofisini aliinua simu. Akampigia shemeji yake, fundi wa mashine za ofisi.

"Shemeji, printa inatoa njano badala ya kijani."

"Kijani ni bluu juu ya njano. Bluu ikikosekana, inabaki njano tupu. Ulibadilisha wino lini?"

"Juzi."

"Ilipokuomba isawazishe rangi, ulikubali?"

Juzi watu walijaa dirishani, naye alibonyeza "Baadaye". Chati zilipotoka hakuzitazama hata moja. Alizikunja akazipeleka.

"Shemeji, upo? Toa karatasi ya majaribio."

Mstari wa bluu ulitoka umefifia kama shati lililofuliwa mara mia. Alichomoa katriji, kile kikasha cha wino wa bluu. Utepe wa plastiki unaoziba wino ulikuwa umekatikia katikati, nusu imebaki ndani. Aliuvuta taratibu, hata hivyo unga wa wino wa bluu ukamwagikia sketi. Akairudisha katriji, akaamuru mashine isawazishe rangi. Dakika tano ilinguruma. Alisimama mbele yake kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo.

Kijani kilitoka kijani. Hakuyaamini macho yake. Akaibeba chati hadi wodini, sista akailinganisha na ile ya zamani dirishani, rangi kwa rangi, namba kwa namba.

"Sawa," sista akasema. "Mama wa mtoto yule pale."

Hakuna aliyemtuma. Alikwenda akachuchumaa kando ya kitanda. "Mama, chati iliyokosea niliichapa mimi. Sikuikagua. Nisamehe."

Mama yule alimtazama, akautazama unga wa bluu kwenye sketi, akamvuta mwanawe karibu.

"Sina la kukuambia sasa, dada. Acha apone kwanza."

Mchana alikwenda kwa mganga mkuu kuandika maelezo, bila kuficha lile "Baadaye". Alipewa onyo, na ikaamriwa kuwa chati yoyote ya rangi itakaguliwa na watu wawili kabla ya kutundikwa.

Mtoto aliruhusiwa Ijumaa. Mama yake alipita mlangoni pa ofisi, akasimama kidogo.

"Tunakwenda," akasema.

"Mwende salama," Mama Karatasi akaitikia, kisha akainua chati mpya dirishani, akaikagua rangi kwa rangi.