Nusu Kilo

Siku ile mjinga alikuwa fundi mizani, na mwenyewe ndiye wa kwanza kukiri. Aliingia kliniki ya wajawazito saa tatu asubuhi na bisibisi zake, akidhani kinachoumwa ni springi.

Mkunga alimweleza bila kuinua kichwa: akina mama wa chumba cha kulipia, mizani inawapima sawasawa. Wa benchi la nje, inawasomea sifuri. "Mwezi wa pili huu," alisema, akiandika sifuri nyingine kwa mwandiko mzuri.

Dada yake fundi alikuwa kwenye benchi hilo, mimba ya miezi minane, miguu imevimba hata ndara hazimwingii. Kichwa kilimgonga tangu juzi, na macho yalimwonyesha vimulimuli mchana kweupe. Alimhitaji daktari. Ila daktari hamwoni mtu ambaye kadi yake haina uzito.

"Haya, fundi bingwa," dada alimtania. "Usinipime kama gunia tu."

Fundi akabadilisha springi, akapangusa kutu. Akaweka jiwe la kilo ishirini: ishirini. Akapanda mama mmoja wa chumba cha kulipia: sabini na nne. Akapanda dada: sifuri.

"Simama vizuri, basi."

"Nimesimama kwa niaba ya watu wawili. Nifanyeje zaidi?"

Hapo fundi akapata akili, au alichokiita akili. Akamwomba yule mama viatu vyake, naye akamwazima kwa roho safi. Kwa kuwa havikumwingia dada, alivishika mkononi. Mshale ukatikisika, ukatulia kwenye nusu kilo.

"Ameongezeka," alisema mkunga, akaandika.

Daktari alisomewa kadi mlangoni. Akasema mwenye nusu kilo hawezi kuwa mjamzito. Arudi mwezi ujao, akizidi. Viatu vikarudi kwa mwenyewe. Fundi akatia sahihi fomu kwamba mizani ni nzima, maana ilikuwa nzima.

Nje getini akaanza tena. "Dada, ile mizani haina kosa hata moja. Nimeifungua mpaka utumbo. Labda wewe hukula asubuhi."

Dada alikuwa ameegemea ukuta, amefumba macho, mkono mmoja kichwani, mwingine tumboni.

"Miaka kumi na miwili mizani hiyo inawaangalia mkunga na daktari wakifanya kazi, kaka. Ulitaka isijifunze?"