Nywele za Mama Redio

Walimwita Kijiti kwa sababu ya wembamba wake, na rafiki yake walimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Walikulia nyumba mbili zilizogusana ukuta, wakala sahani moja, wakachapwa pamoja hata kosa likiwa la mmoja. Redio alilelewa na mama yake peke yake, na mtaa mzima ulimwita mama huyo Mama Redio, jina alilodai linamwaibisha, ila akiitwa anaitika upesi.

Likizo ndefu ilipoanza, Kijiti akiwa binti wa miaka kumi na sita, mama yake mdogo alimchukua akafanye kazi saluni kwake.

"Hapa hukai kuchezea simu," alimwambia akimkabidhi ufagio. "Utafagia, utafua taulo, utaosha vichwa. Na kila anayekaa kwenye kiti hiki anakuja na yake. Ukiyasikia, yameze."

Kijiti alicheka. Alidhani anaambiwa habari za waume na mawifi.

Asubuhi moja, mama mdogo akiwa ametoka kwenda kununua mafuta na rasta, Mama Redio aliingia, akarudishia mlango na kushusha pazia. Alikaa kwenye kiti, akafungua kilemba. Chanuo lilimponyoka Kijiti. Zile nywele nene alizozionea wivu tangu utotoni zilibaki mafungu mafungu, na katikati yake ngozi tupu.

"Ni dawa za hospitali," alisema Mama Redio. "Nina uvimbe. Nikigeuka tu kitandani, nyingine zinabaki kwenye mto. Chukua mashine, nyoa zote."

"Mama, tumsubiri mama mdogo. Mimi sijawahi kumnyoa mtu."

"Nilikuwa nawaogesha wewe na mwenzio kwenye beseni moja, mnanimwagia maji ya sabuni machoni. Leo zamu yako. Nyoa, mwanangu."

Kijiti akanyoa. Alishika mashine kwa mikono yote miwili, na alipofika kisogoni machozi yakamshinda. Mama Redio alivua taulo mabegani mwake, akampa, akangoja ajifute, kisha akainamisha kichwa tena. Kazi ilipokwisha alijitazama kwenye kioo kwa muda mrefu.

"Kumbe nina kichwa cha marehemu baba," alisema, akacheka kidogo. Alipokuwa akifunga kilemba, akaongeza, "Mwenzio asijue. Nimemwambia ni vidonda vya tumbo. Dawa zikishafanya kazi nitamwambia mwenyewe. Mwache afurahie likizo yake."

"Sawa, Mama," alijibu Kijiti, upesi, kama mtoto anayetumwa dukani.

Mama mdogo alizikuta zile nywele kwenye beleshi la takataka, akazitambua mara moja ni za nani. Akatengeneza wigi lililofanana na nywele za zamani, na kila wiki Mama Redio alipitia mlango wa nyuma lioshwe na kuchanwa. Kila alipokuja, kilemba kilimzidi kichwa na gauni likampwaya zaidi.

Redio naye alikuwa hakosi kupita saluni.

"Jamani, mmemfanya nini mama yangu?" alipaza sauti siku moja kabla hata hajaketi. "Wigi! Na mwili kaupunguza, anavaa nguo zake za usichana! Nawaambieni, kuna mzee anamzungukia. Na harusini nisipotangulia mbele mimi, hapatoshi!"

Wateja walikufa kwa kicheko. Kijiti alicheka pia, halafu akajiinamia kwenye sinki na kufungulia maji, ingawa hapakuwa na kichwa cha kuosha.

Wiki hiyo hakuvumilia. Akiwa anachana wigi, alisema kwa sauti ndogo, "Mama, mwambie. Siwezi tena kumwangalia usoni."

Mama Redio alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Nimekutwika mzigo si wako. Jumapili. Nitapika, nitamkalisha, nitamwambia yote."

Ijumaa alianguka bafuni. Hospitali walimlaza, na tangu hapo hakusema neno la kueleweka. Jumapili haikumkuta hai. Habari ya uvimbe Redio aliisikia kwa daktari, amesimama kwenye korido, kandambili miguuni.

Siku ya msiba, Kijiti alimkuta chumbani, ameketi kwenye kitanda cha mama yake, wigi mapajani.

"Hospitali walinipa hili kwenye mfuko," alisema Redio. "Nani alimnyoa?"

Kijiti angeweza kumtaja mama mdogo. Alikaa chini sakafuni. "Mimi."

"Lini?"

"Likizo ilipoanza."

Redio alinyamaza. Tangu wajuane, hakuwahi kunyamaza hivyo.

"Siku zote hizo," alisema hatimaye, "ukaniacha nicheke."

"Aliniomba mwenyewe."

"Najua aliomba. Ningemkalia karibu, unaelewa? Nisingekuwa nazurura huko saluni kwenu. Ningemkalia karibu." Kisha akamgeuzia mgongo, na Kijiti akatoka akipapasa ukuta.

Mjomba wake Redio alikuja kumchukua akaishi kwake, mbali. Asubuhi ya kuondoka, gari likiwa linanguruma nje ya saluni, Redio aliingia, akasimama mlangoni.

"Alilia ulipomnyoa?" aliuliza.

"Hapana. Mimi ndiye niliyelia. Yeye alinibembeleza."

Redio alitikisa kichwa polepole, kisha mjomba akapiga honi.

"Nitakupigia," alisema, tayari ameshageuka.

Hakupiga. Shule zilipofunguliwa, Kijiti alimwandikia ujumbe, ulisomwa, haukujibiwa. Aliandika tena siku ya kuzaliwa ya Redio, na tena Mama Redio alipotimiza mwaka kaburini. Jumamosi bado huenda saluni. Wateja humsifu kwamba ni binti mtulivu, mwenye siri, na mama mdogo akiwasikia hubadilisha mazungumzo.